Datsun 240Z ya marehemu mjomba: ning'oe injini nifunge mota ya umeme, au nihangaike nayo hivyo hivyo?

Mwana wa Pongwe aliandika:

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, na nyumbani nimeshachokwa kusikilizwa.

Mjomba wangu alitangulia mbele ya haki mwaka jana, akaacha shamba la minazi, ng'ombe wanne na Datsun 240Z ya mwaka 1972. Shamba na ng'ombe vimegawanywa bila ugomvi. Datsun imeangukia kwangu kwa kuwa hakuna aliyeitaka, isipokuwa binamu yangu, binti wa marehemu, naye ana sharti moja: isinuke. Waliowahi kupanda gari hili wanajua. Ukishusha kioo, moshi wa ekzosi unazunguka nyuma na kuingia ndani kupitia mpira wa mlango wa buti uliochoka. Ukifika uendako, shati lako linanuka kama umeshinda gereji.

Mjomba aliinunua Nairobi kwa sababu ya ujana wake. Mwaka 1971, Safari Rally ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima, alisimama kando ya barabara tangu alfajiri, na kati ya yote yaliyopita lililomkaa rohoni ni 240Z nyekundu yenye boneti jeusi. Mwaka ule Edgar Herrmann na Hans Schüller ndio walioshinda na gari la aina hiyo. Mjomba hakujua ni nani aliyempita. Alichokumbuka ni sauti, na mpaka uzee wake alikuwa akiiigiza kwa mdomo mezani, mama akimkataza.

Sasa shida yangu. Mimi kila siku naendesha Nissan Leaf ya 2016, betri ya kWh 30, niliyoitoa Japani. Ina vijiti 10 kati ya 12 kwenye kipimo cha uzima wa betri. Kwa mizunguko ya mjini Tanga sina la kulalamika. Nachaji usiku, uniti moja ya LUKU haifiki shilingi 400, na kilomita 100 nazipiga kwa uniti 15 hivi. Datsun kwa kilomita hizo hizo inakunywa lita 13, na nyinyi bei ya petroli mnaijua.

Nimepima kompresheni ya Datsun, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Silinda ya kwanza hadi ya nne na ya sita zote zina kati ya paundi 150 na 158. Ya tano ina 95. Na inatoa moshi wa bluu. Gereji moja niliyoipelekea wameangalia dakika kumi wakasema injini imekwisha, bora waishushe, wanunue Leaf iliyogongwa na kuhamishia mota, inveta na betri. Wamenionyesha picha za magari ya kale yaliyofanyiwa hivyo Ulaya na Marekani. Yanapendeza, siwezi kusema uongo.

Na mimi napenda kuendesha. Si kwenda mahali, kuendesha. Barabara yangu ni ile ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 za kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Mnaojua magari niambieni: nikiweka umeme kwenye Datsun nitakuwa nimepata gari bora, au nitakuwa na Leaf iliyovaa nguo za marehemu?

---

Kipepeo wa Nyali aliandika:

Hapo kwa nguo za marehemu umejijibu mwenyewe, ndugu yangu.

Niko Mombasa. Mimi nasema usikate kitu. Ukitaka kufunga umeme, fanya kazi inayorudishika: usikate chesisi, usitoboe ukuta wa injini, na ile injini yake ya L24 uipake mafuta uifunge turubai uiweke stoo. Hizi Z za miaka ya mwanzo bei yake inapanda tu, na huku Kenya bado utaziona kwenye Safari Classic, ile rally ya magari ya kale, zikipigwa vumbi pamoja na Porsche 911. Siku ukitaka kuuza, wa kwanza kuja atafungua boneti kabla hajakusalimia. Wewe umemtaja Herrmann, sisi huku wa kwetu ni Shekhar Mehta na Lofty Drews, washindi wa 1973, gari lilo hilo 240Z, na walifungana pointi na Datsun nyengine ya Harry Källström. Gari la namna hiyo unalishusha injini kwa silinda moja?

---

Fundi Kabureta aliandika:

Mwana wa Pongwe, mimi niko Moshi, nimeanza kushika spana wakati kabureta ndiyo ilikuwa teknolojia. Hizo kabureta mbili za Hitachi nimezifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua Biblia, Mungu anisamehe.

Kabla hatujafika kwenye umeme, nina maswali mawili ambayo gereji ilipaswa kukuuliza.

La kwanza: moshi wa bluu unatoka lini? Usiniambie "ukiwa njiani". Unatoka ukipanda mlima umekanyaga mafuta, au ukishuka umeachia mguu halafu ukakanyaga tena? Ukitoka ukipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Ukitoka baada ya kushuka mteremko mrefu kwa gia, ni sili za valvu, vile vimpira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Unaposhuka umeachia mafuta, injini inavuta kwa nguvu lakini kabureta zimefungwa, basi inanyonya oili kupitia kwenye shina la valvu. Ukikanyaga tena, oili ile inaungua yote kwa mpigo na aliye nyuma yako anadhani umewaka moto. Una mlima wa kupimia mlangoni kwako, utumie.

La pili: hiyo paundi 95, umeipima kavu tu? Mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi ya silinda ya tano, zungusha, pima tena. Ikiruka hadi 130 au zaidi, ringi. Ikibaki pale pale, hewa inatokea kwenye valvu. Na kama ni valvu, usiguse silinda hedi kabla hujapima nafasi ya valvu kwa filagaji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. L24 ikiwa ya moto, valvu ya kuingiza ni 0.25 mm, ya kutoa ni 0.30. Nimeona injini ngapi zimeshushwa wakati valvu ya kutoa ilikuwa imebanwa tu, haikai vizuri kwenye kiti chake! Valvu hizi hazipigi kelele zikibana. Zikilegea zinapiga kelele na mwenye gari anakuja mbio. Zikibana gari linakuwa kimya, mwenye gari anafurahi, na valvu inaungua.

Haya, umeme. Mimi siuchukii. Kijana wangu ana pikipiki ya umeme na nimeifungua kuangalia, kazi safi. Lakini hesabu ya gari lako ni hii. 240Z nzima ina uzito wa kilo elfu moja na hamsini hivi. Leaf yako inakaribia tani moja na nusu. Betri peke yake ikiwa kwenye boksi lake inakaribia kilo 300. Utaiweka wapi? Kwenye Leaf imelala chini ya sakafu, katikati, ndiyo maana gari lile halipinduki hovyo. Kwenye Z sakafu iko chini mno, hakuna nafasi. Utazigawa moduli, nusu kwenye pua nusu kwenye buti. Uzito wote kwenye ncha mbili, kama mtu aliyebeba ndoo za maji kwenye mti begani. Mwambie mtu huyo akate kona mbio uone ndoo zinampeleka wapi.

Na kwa nguvu, mota ya Leaf yako ni kilowati 80, yaani farasi 109. L24 kiwandani waliiandikia 151, ingawa hesabu zao za wakati ule zilikuwa za ukarimu. Umeme utakushinda kwenye kuondoka, maana nguvu yake ya kuzungusha ipo yote tangu sifuri. Kuanzia gia ya tatu kupanda, sidhani.

Kitu kimoja ambacho umeme unatuzidi, na sitakificha: urefu kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Hewa ni nyepesi kule, injini ya petroli iliyotoka Tanga inapoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nguvu, na kabureta uliyoiseti pwani inamwaga mafuta mengi kupita kiasi. Ndiyo maana ukifika juu inanuka zaidi. Mwambie huyo binamu. Mota ya umeme haijui kama iko Tanga au Lushoto.

Nenda kapime, urudi na namba.

---

Mama wa Fjordi aliandika:

Nawasalimu kutoka Bergen, Norway, kwenye mvua. Mimi ni Mtanzania niliyeolewa huku, na nadhani naishi katika mwisho wa hadithi yenu: mwaka 2024, kati ya magari mapya yaliyouzwa nchi hii, asilimia 88.9 yalikuwa ya umeme. Ukinunua la petroli jirani anakuuliza kama mko salama.

Nina magari mawili. La familia ni la umeme, tani mbili na ushei. Jingine ni Mazda MX-5 ya mwaka 1990, injini ya lita 1.6, halifiki tani moja. Nikuambie ukweli, lile la umeme linaondoka kwa kasi ambayo mara ya kwanza ilinifanya nicheke kwa sauti peke yangu barabarani. Mara ya pili nikatabasamu. Baada ya wiki tatu nilikuwa nalitumia kuwahi taa za kijani tu. Barabara za huku mwisho ni kilomita 80 kwa saa sehemu nyingi, na gari linafika 80 kabla hujamaliza kusema "Bismillahi". Ukishafika, unabaki na nini cha kufanya? Umekaa.

MX-5 kwenye 60 tayari nina kazi. Mguu wa kushoto una kazi, mkono una kazi, masikio yanasikiliza kama gia ya tatu inatosha kwa kona ile au nishuke ya pili. Wenye viwanda wanalijua hili. Hyundai walipotoa Ioniq 5 N mwaka 2023 waliliwekea gia za uongo: kompyuta inakata nguvu kidogo ukibadilisha, na spika zinanguruma. Nimelijaribu. Nilitaka kulicheka nikashindwa, ni burudani kweli, na unaweza kuyazima yote kwa kitufe. Lakini fikirini, wamechukua mota isiyohitaji gia, wakaajiri mainjinia waitengenezee kasoro.

Ila Fundi Kabureta, nakupinga mahali pamoja, kwa heshima. Umeongea kama umeme hauna hisia. Una hisia zake, ila ziko mguuni. Huku kwenye theluji, mota inajibu kabla injini yoyote haijaamka. Unakanyaga kiasi cha unene wa kadi ya simu na tairi za nyuma zinakujibu kiasi hicho hicho. Na kushuka mlima bila kugusa breki, ukipunguza mwendo kwa kuinua mguu tu na kuupanga ili gari liingie konani kwa mwendo ule ule uliotaka, ni ufundi. Nilichukua miezi kuujua.

Mwana wa Pongwe, kama Datsun ingekuwa bodi tupu isiyo na injini ningekwambia weka umeme leo. Lakini umesema inawaka.

---

Mwana wa Pongwe aliandika:

Shikamoo Fundi. Nashukuruni wote. Nimerudi na namba, na nina kisa pia.

Jumamosi iliyopita tumekwenda Lushoto na magari yote mawili, mimi na binamu. Leaf haiwezi kufika Lushoto kutoka Tanga kwa chaji moja, kwa hiyo tuliondoka Ijumaa mchana, tukalala Korogwe kwenye gesti ambayo mhudumu alinitoza elfu tano ya "kulaza gari kwenye umeme". Soketi ya kawaida, usiku kucha, asubuhi imejaa.

Kupanda, nilishika Leaf, binamu akashika Datsun mbele yangu. Nilizima redio. Mama wa Fjordi, nilijaribu hilo la mguu na umenifungua macho. Kwenye zile kona za kabla ya Soni nilikuwa nawasikia watoto wa barabarani wakisalimia. Nilisikia maji ya maporomoko kabla sijayaona. Fuso la kabichi likasimama ghafla mbele yetu, Datsun ikahangaika kuondoka mlimani, klachi ikanuka mpaka kwangu, mimi nikaondoka kama naenda tambarare. Ila kona ikiwa kali na nikiwa na mwendo, pua ya Leaf inakataa. Inakwenda moja kwa moja kidogo kwanza, kama ng'ombe anayefikiria, halafu ndiyo inageuka. Tairi zinalia na mimi nina kilomita 45 tu.

Lushoto nilifika na asilimia 23. Tukaichaji saa tatu kwenye mgahawa huku tukila, na kushuka tukabadilishana.

Sasa hapa ndipo.

Nilikuwa sijaiendesha Datsun mlimani tangu mazishi. Usukani hauna pawa. Kwenye mwendo mdogo unaupigania, lakini ukishaanza kukimbia unakuwa mwepesi na unakusimulia kila kokoto. Kuanzia Soni kwenda chini nilikaa gia ya tatu, nikashuka ya pili kwenye kona za mkono wa kulia zinazojifunga. Unakanyaga klachi, unapiga resi kidogo, unaingiza gia, na ile sauti ya silinda sita inagonga ukuta wa mlima na kukurudia kupitia kioo cha upande wa pili. Mara mbili nilijikuta naiigiza kwa mdomo. Ile ile ya mezani. Sikujua kama naijua.

Haikuwa mwendo wa kutisha, wala hatukufika 70. Mikono ilikuwa inatetemeka nilipoegesha Mombo.

Binamu alifika nyuma yangu akicheka: Leaf ilitoka Soni na asilimia 45, Mombo ikafika na 49. Anasema amelipwa kushuka mlima. Halafu akaacha kucheka akaniambia, "Lakini kaka, kila ulipokanyaga mafuta baada ya kona, nilikuwa sikuoni. Bluu tupu."

Fundi, umesikia? Ni kushuka. Kupanda, nilipokuwa nyuma yake mimi, hakukuwa na moshi wa bluu hata kidogo, klachi tu.

Jumatatu nikamimina kijiko cha oili silinda ya tano. Kutoka 95 ikaenda 100. Nikafungua kifuniko cha valvu injini ikiwa ya moto, nikaingiza filagaji kwenye valvu ya kutoa ya tano. Ile ya 0.30 haikuingia. Ya 0.20 haikuingia. Ya 0.05 ndiyo iliingia, tena kwa kusukumiza. Nikairegeza hadi 0.30, nikaendesha kutwa, nikapima tena: 138.

Ile gereji nimewapigia kuwashukuru kwa ushauri.

---

Fundi Kabureta aliandika:

Marahaba. Mia na thelathini na nane! Inaweza kupanda zaidi kidogo valvu ikijikalisha. Ipime tena baada ya kilomita 300, na filagaji pia, kwa sababu ikibana tena upesi maana yake kiti cha valvu kinaliwa na hapo hedi itashuka tu. Usifurahi kupita kiasi.

Sili za valvu unabadilisha bila kufungua hedi. Kama huna kompresa ya kujaza hewa kwenye silinda, tumia kamba. Toa plagi, pistoni ikiwa chini kidogo, ingiza kamba yote kwa tundu la plagi, bakiza ncha nje, halafu zungusha injini kwa mkono taratibu mpaka kamba ijikunje na kuzibana valvu kutoka chini. Hapo unaweza kutoa springi na valvu isidondoke ndani. Silinda moja moja, sita zote. Siku nzima kwa mtu asiye na haraka.

Na mpira wa mlango wa buti badilisha. Ukizibwa huo, na vile vizibo vya taa za nyuma, harufu itapungua sana.

---

Mama wa Fjordi aliandika:

Asilimia nne bure na moshi wa bluu kwa wakati mmoja, ningetoa pesa kuona msafara huo. Binamu yako anasemaje sasa kuhusu harufu?

---

Mwana wa Pongwe aliandika:

Binamu amebadili sharti. Anataka Leaf ya siku za kazi, na Datsun kila Jumapili ya pili. Tunajadiliana.

Fundi, kamba nimeshaipata, mita mbili. Nilikuwa nimechukua ya katani, si unajua tena Tanga, nikaifikicha ikaniachia nyuzi mkononi, nikairudisha. Hii ni ya nailoni. Unene wa kidole kidogo inatosha, au ni nene mno kwa tundu la plagi?

---

Fundi Kabureta aliandika:

Nene. Tafuta ya unene wa penseli. Na choma ncha zote mbili kwa kiberiti zisichanike ndani.